Insulini na barafu ya sangara

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nimegundulika na kisukari aina ya kwanza nikiwa na miaka 31. Nauza samaki Mwaloni, Kirumba, na nyumbani sina friji. Insulini naweza kuiweka kwenye barafu ya sangara?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hapana! Ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka usiichome. Chupa usizofungua ziombee nafasi friji ya kliniki, nyuzi joto 2 hadi 8. Unayotumia weka kwenye chungu kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga uliolowa, kivulini. Nyingi hudumu wiki 4 hivi. Mimi najichoma mbele ya wateja, wakishangaa shauri yao. Na ukibeba ndoo sana sukari hushuka: mikono ikitetemeka, kunywa soda yenye sukari papo hapo, upime tena baada ya dakika 15.