Kwa nini GIT_CONFIG haibadilishi barua pepe kwenye komiti zako

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba katika Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, umeelekeza GIT_CONFIG (kigeu cha mazingira, yaani thamani unayoiweka kwenye terminali ili programu iisome) kwenye faili jipya la usanidi, ukaandika git config user.email ukaona anwani sahihi, lakini komiti zako, yaani rekodi za mabadiliko unayohifadhi, bado zinabeba anwani ya zamani. Tatizo hilohilo lilinichukua siku mbili kwenye seva ya kujengea programu, kwa sababu kila nilipokagua, jibu lilikuwa sahihi.

Kigeu hicho cha mazingira husomwa na amri moja tu, git config, nacho kimebakizwa zaidi kwa ajili ya matumizi ya zamani. Amri ya git commit haikitazami kabisa. Maana yake ni kwamba amri uliyoitumia kuhakiki ndiyo pekee inayolisoma faili lako, na ndiyo maana nashikilia kwamba mwongozo wa kigeu chochote unapaswa kutaja, katika sentensi yake ya kwanza, ni amri zipi zinazokisoma, na kama kinaongeza usanidi au kinachukua nafasi ya ule uliopo.

Unachokihitaji ni GIT_CONFIG_GLOBAL, kilichokuja na Git 2.32 mwaka 2021. Hiki huheshimiwa na amri zote, ila huchukua nafasi ya ~/.gitconfig, faili lako binafsi la usanidi, moja kwa moja: nilipokiweka, vifupisho vyangu vyote vya amri vilitoweka, hadi nilipoongeza include.path katika faili jipya ili liliite lile la zamani. Kumbuka pia kwamba .git/config ya mradi wenyewe bado ina nguvu zaidi, na GIT_AUTHOR_EMAIL, ikiwa imewekwa, huishinda user.email popote ilipoandikwa.

Kwa thamani moja ya muda mfupi, faili halihitajiki. Weka GIT_CONFIG_COUNT=1, kisha GIT_CONFIG_KEY_0=user.email, na anwani yenyewe katika GIT_CONFIG_VALUE_0. Hesabu huanzia sifuri. Mimi nilianzia moja, na Git ikakataa kuendelea ikisema kwamba KEY_0 haipo. Jozi hizi hushinda mafaili yote ya usanidi, lakini hushindwa na chaguo la -c linaloandikwa ndani ya amri yenyewe ya git.

Kabla ya kuhakiki, andika unset GIT_CONFIG, kisha git config --list --show-origin --show-scope, na kila mstari utakuonesha thamani yake imetoka wapi.