Barua za babu kwa herufi za Kiarabu

Ndugu yangu, umesema umekuta barua za marehemu babu yako sandukuni, zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, na hata ustadh anayekijua Kiarabu hazielewi. Mjomba wako anataka zichomwe kwa sababu babu "hakusoma". Nakuomba sana, usizichome!

Yaelekea hicho ni Kiswahili. Barua za Kilwa na *Utendi wa Tambuka* wa 1728 viliandikwa kwa hati hiyohiyo. Wajerumani na Waingereza walipoleta shule na ofisi zao, herufi za Kirumi ndizo zilizompa mtu kazi. Aliyeandika kwa hati ya wazee wake akahesabiwa hajui kusoma. Wahausa wa Nigeria nao yaliwapata, na Wamalay pia.

Ustadh anakwama kwa sababu hati ya zamani haikuwa na herufi ya p, nayo ikaandikwa kama b. E na i zilishiriki alama moja, na m ya "mb" mara nyingi iliachwa. Kwa hiyo "pembe" na "bibi" huweza kufanana kabisa. Anayeijua lugha hulitambua neno kwa maana.

Kwanza zipige picha, mbele na nyuma. Usizibandike selotepu wala kuzipeleka laminesheni. Kisha mtafute mzee aliyesoma zamani chuo cha Kurani, kaa naye, asome kwa sauti nawe urekodi. Akikwama neno, mtajie majina ya ukoo na ya mashamba yenu. Mimi barua ya bibi yangu ilifunguka kwa jina la kisima tu.