Ile kokoto yako ya Magadi

Mwanangu,

Picha nimeiona. Unauliza kama kokoto uliyookota kwenye korongo karibu na Ziwa Magadi ni gumegume au ni kwatzi, kama anavyoshikilia mwenzako kazini.

Anza na kisu. Jiwe likichimbika kirahisi, si gumegume. Labda ni chokaa, nayo ukiikamulia ndimu hutoa vipovu. Gumegume hukila kisu: utaona mstari wa kijivu, na hicho ni chuma kilichobaki juu ya jiwe. (Usitumie kisu cha jikoni. Mimi nilitumia cha mama yako, na mpaka leo nakumbushwa.) Ndiyo maana bunduki za zamani ziliitwa za gumegume: jiwe lilichubua chuma, vichembe vikawaka cheche.

Ila kisu hakitamaliza ubishi wenu, maana kwatzi na gumegume ni ndugu, yote ni silika, madini yaleyale ya mchanga mweupe na kioo. Tazama palipovunjika. Kwatzi hung'aa kama kioo. Gumegume lina mng'ao hafifu wa mshumaa, chembe huzioni hata kwa lenzi, na pigo huacha mbonyeo kama ndani ya kombe la chaza, lenye ukingo wa kukata. Ukilivunja, funika macho.

Gumegume la Uingereza, lile la kwenye miamba ya chaki, silika yake ilitokana na viumbe vya bahari. La Magadi halina habari na bahari. Maji yenye magadi makali huyeyusha silika kwa wingi, na humo ziwani lilijengeka tabaka jeupe, laini kama unga uliolowa. Mwaka 1967 mwanajiokemia Hans Eugster aliyaeleza madini hayo, magadiiti, pamoja na mwenzake keniaiti. Sodiamu ikaoshwa, silika ikabaki, ikanywea na kukakamaa ikawa gumegume. Kwa hiyo uso wake mara nyingi una mtandao wa nyufa, kama tope la bwawa lililokauka. Kwenye picha yako, upande ule mweupe, mimi nauona mtandao huo.

Pembe zake bado kali kidogo, basi halijabingirika mbali. Fuata korongo kwenda juu, uangalie kingo, lakini si siku ambayo milimani kumenyesha. Ukikuta kipande kilichochongwa makali kwa mkono, kipige picha ukiache palepale. Olorgesailie, penye zana za mawe za kale, iko barabara hiyohiyo ya Magadi, na wachonga mawe wa kale walizunguka kote huko.

Hiyo kokoto nijie nayo Desemba. Nitanunua kisu.

Baba