Maswali yenu wiki hii: taa nyekundu, simu kwenye mchele na fundi wa suruali

Meseji zimejaa, nusu yake ni zile zile za mwezi jana. Nimechagua hizi, ambaye hajajibiwa asinune, arudi nyuma asome.

Kila mvua ikinyesha ruta yangu inawasha taa nyekundu ya LOS (ile ya kusema mwanga haufiki), nikipiga simu naambiwa ni mvua. Kwani mwanga unalowana? (Msomaji, Tabata)

Haulowani ndugu yangu. Uzi wa faiba unaokuletea intaneti ni kioo, na kioo hicho hicho kinalazwa chini ya bahari kikae miaka 25. Mvua inaumiza viungo. Lile boksi jeusi linaloning'inia kwenye nguzo, aliyelifungua mara ya mwisho hakulikaza, basi maji yanaingia, sisimizi wanahamia na familia, upepo nao unavuta waya na tawi la mwembe mpaka unapinda, na faiba ikipinda kupita kiasi mwanga unavuja pembeni. Kwa hiyo "ni mvua" maana yake ni "kuna kiungo tulikifunga vibaya ila hatutaki kusema".

Na hapa mnivumilie maana huu ndio wimbo wangu wa kila siku. Miaka ya 60 kioo kilikuwa hakina maana kabisa kwa mawasiliano, kilikuwa kinapoteza kama desibeli (kipimo cha mwanga unaopotea) 1,000 kwa kilomita, tafsiri yake ya mtaani ni kwamba ukiwasha mwanga huku, mita 20 mbele imebaki asilimia 1, hata geti la jirani hujalipita. Mwaka 1966 Charles Kao, mzaliwa wa Shanghai aliyekuwa maabara ya Standard Telecommunication kule Harlow, Uingereza, akiwa na mwenzake George Hockham, wakaandika kwamba jamani kioo hakina kosa, kosa ni uchafu uliomo ndani yake, chembe za chuma na nduguze, kisafisheni mpaka mfike desibeli 20 kwa kilomita na mtafanya biashara. Mwaka 1970 jamaa watatu wa kampuni ya vioo ya Corning, Marekani, yani Robert Maurer, Donald Keck na Peter Schultz, wakafika 17. Leo tuko kama 0.2, ile asilimia 1 unaipata baada ya kilomita 100, toka Dar mpaka maeneo ya Chalinze. Kao akapewa Nobel mwaka 2009. Na maji yaliwatesa kweli, ila ni yale yaliyonaswa ndani ya kioo chenyewe wakati kinatengenezwa, sio mvua ya Tabata.

Sasa watu wamehangaika miaka yote hiyo kutoa uchafu kwenye kioo, halafu fundi anakuja kwako, anachomoa kile kichwa cha kijani, anakifuta kwenye suruali, anachomeka. Kwenye suruali! Suruali hiyo hiyo aliyopandia nguzo. Pale katikati mwanga unapopita pana upana wa kama maikromita 9 tu, unywele wako ni mnene mara kadhaa ya hapo, punje moja ya vumbi ikikaa ni sawa na fuso limezimika katikati ya kichochoro. Kwangu nilikaa siku nne bila intaneti, kampuni siitaji, wakaja mafundi wawili kwa nyakati tofauti wakabadilisha ruta mara mbili, wa tatu alikuja binti mmoja mpole, akatoa kitambaa kikavu na kichupa cha spiriti, akafuta, akachungulia kwa kile kidude chake cha kukuza, akafuta tena, akachomeka. Taa ikawa kijani kabla hajafunga begi.

Halafu ambalo hukuuliza: kichwa cha kijani kimekatwa mshazari, cha bluu hakijakatwa hivyo, usivichomeke pamoja hata kama vinaingia. Na usichungulie kwenye tundu kuona "kama mwanga upo", mwanga wake hauonekani kwa macho, utaumiza jicho bure na hutaona kitu.

Nani aligundua simu ya mkononi? (Wasomaji wanne, mmoja kaandika kwa herufi kubwa tupu)

Simu haikugunduliwa, haikuwa imejificha porini, ilibuniwa. Martin Cooper wa Motorola, 3 Aprili 1973, New York, akiwa barabarani akampigia mpinzani wake Joel Engel wa Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya AT&T, kumringishia. Ila wazo la kugawa mji vipande vipande, kila kipande na masafa yake, lilishaandikwa huko huko Bell Labs mwaka 1947. Mkibishana baa mseme na hilo.

Simu imeingia maji, niiweke kwenye mchele? (Msomaji, Mbezi)

Pika mchele ule, simu izime, usiichaji, mpelekee fundi aifungue. Kama ni maji ya bahari, mpelekee leo hii, chumvi haisubiri kesho.

Wanafunzi wangu wanabishana. Faiba ina kasi kuliko waya wa shaba kwa sababu mwanga unakimbia kuliko umeme, si ndio? (Mwalimu, Mbagala)

Mwalimu, shikamoo kama umenizidi umri, ila hapana. Ndani ya kioo mwanga unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, theluthi mbili tu ya ule wa hewani, na ishara ya umeme kwenye waya mzuri wa shaba inakwenda mwendo unaokaribiana na huo. Hapo ni droo. Faiba inashinda kwa mzigo na kwa pumzi. Waya wa kwanza wa simu kuvuka Atlantiki, TAT-1 wa mwaka 1956, ulibeba maongezi 36 kwa wakati mmoja, wa kwanza wa faiba, TAT-8 wa mwaka 1988, ukabeba kama 40,000. Waambie watoto wafikirie bodaboda na mwendokasi, hata zikienda spidi moja abiria hawalingani.

Kuhusu pumzi, shaba inachoka mapema, faiba inakwenda makumi ya kilomita ndio ihitaji kusukumwa, na siku hizi anayesukuma ni kipande kingine cha faiba kilichotiwa madini ya erbiamu, kinakuza mwanga bila kuugeuza kuwa umeme kwanza. Hilo lilikuja mwaka 1987, kundi la David Payne pale Southampton, na Emmanuel Desurvire wa Bell Labs naye yumo. Kwa maoni yangu ndilo lililoleta intaneti hii mnayoiona kuliko hata simu janja zenyewe, ila halina picha nzuri kwa hiyo hakuna anayeniuliza.

Ile Mei 2024 tulikosa mtandao, tukaambiwa waya umekatika Afrika Kusini. Kwanini waya wa kwao utukoseshe WhatsApp sisi, si kuna satelaiti? (Mama, Kigamboni)

Mama, karibu data yote inayovuka bahari inapita chini ya maji, satelaiti inabeba kidogo sana. Zile satelaiti kubwa za zamani ziko juu kilomita kama 36,000, ukisema halo unasubiri, mnaanza kuongea kwa pamoja kama wakwe wasiojuana.

Sisi tuna mikongo, yani nyaya za faiba za chini ya bahari, kama SEACOM, ulioanza kazi mwaka 2009, na EASSy wa mwaka 2010, inashuka pwani yetu ikielekea kusini na nyingine inapanda kaskazini. Tarehe 12 Mei 2024 hiyo miwili ikaharibika karibu na Durban, na upande wa juu, Bahari ya Shamu, mikongo kadhaa ilishakatika tangu Februari, inaaminika ni nanga ya meli iliyoshambuliwa ikawa inaburuzwa chini. Kwa hiyo kusini pamefungwa, kaskazini pamefungwa, tukabaki tunasukumana kwenye vichochoro vilivyobaki. Kukarabati kwenyewe ni meli inakwenda pale, inashusha ndoano kama mvuvi, inavuta mkongo juu, watu wanaosha mikono wanaunga nyuzi za kioo moja moja, wanarudisha chini. Waya wenyewe huko kwenye kina hauzidi sana unene wa mpira wa kumwagilia bustani.

Na sio jambo geni huku kwetu. Zanzibar iliunganishwa kwa waya wa simu ya maandishi chini ya bahari mwaka 1879, toka Aden kuja Zanzibar, Msumbiji mpaka Durban. Njia ni ile ile mama, na shida ni ile ile.

Ni kweli WiFi ilibuniwa na mcheza filamu mrembo Hedy Lamarr? (Kijana, Sinza)

Hii imesambaa mpaka inakera. Alichofanya ni kikubwa na cha kweli ila sio hicho. Yeye na mtunzi wa muziki George Antheil walipata hataza (hati ya kulinda ubunifu) mwaka 1942 ya kuongoza torpedo, kombora la majini, kwa redio inayorukaruka masafa ili adui asiweze kuivuruga, wakatumia wazo la zile karatasi za piano inayojipiga, masafa 88 kama vibonye vya piano. Jeshi la wanamaji la Marekani halikuitumia kwenye vita ile ya pili ya dunia. Kurukaruka masafa utakukuta kwenye Bluetooth ya spika yako. WiFi ya leo inafanya kazi kwa namna nyingine, na mchango mkubwa ulitoka CSIRO, taasisi ya utafiti ya Australia, kwa kina John O'Sullivan, watu wa darubini za redio, miaka ya 90. Nakuomba usiniletee lile bango la kwenye stetasi kama ushahidi.

Nimebuni jenereta inayojiendesha yenyewe, inachaji betri huku betri inaizungusha. Naomba mfadhili. (Wasomaji wawili tofauti)

Hapana. Nanyi mjuane.

Simu ikiwa kwenye chaji nikiigusa inanitekenya, vidole vinakufa ganzi. Chaja niliinunua Kariakoo elfu tatu. Ni kawaida? (Msomaji, Buguruni)

Kutekenya kidogo sana kwenye simu yenye bodi ya chuma kunaweza kutokea hata kwa chaja nzuri isiyo na waya wa ardhi. Kukufa ganzi sio kawaida, chomoa. Ndani ya chaja kuna upande wa volti 230 na upande wa volti 5, vinakutana kwenye katransfoma kadogo tu, na uhai wako unategemea nafasi na plastiki iliyopo katikati yao. Nilifungua moja ya elfu tatu mezani kwangu hapa, fyuzi hakuna, mstari wa umeme mkubwa na mstari wa simu umeachana nafasi ya ukucha wa mtoto, na tone la risasi ya kuchomelea limechuruzika kuelekea upande wa pili likakomea njiani. Limekomea kwa bahati tu! Ipime kwa mkono kabla ya kununua, ile nyepesi kama biskuti iache hapo hapo. Na mnaolala simu ikiwa chini ya mto inachaji, betri za lithiamu-ioni ziliingia sokoni mwaka 1991 na waliozibuni wakapata Nobel mwaka 2019, ila hakuna kati yao aliyesema mlalie.

Nimetengeneza kifaa cha kwenye simtanki kinatuma meseji maji yakikaribia kuisha. Nikirushe TikTok nipate wateja kwanza au nisajili? (Kijana, Mabibo)

Subiri kurusha. Hataza inadai kitu kiwe kipya, ukishakianika hadharani kabla ya kuomba umejitilia mchanga kwenye pilau. Bara unaanzia BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, na kama unataka nchi kadhaa kwa ombi moja kuna ARIPO, shirika la nchi za Afrika la kulinda ubunifu lililopo Harare, sisi ni wanachama. Ila nikwambie ukweli, vya kupima maji vinavyotuma meseji vipo tayari, kwa hiyo kaa uandike kwenye karatasi chako kina nini ambacho vingine havina, ukikosa sentensi hiyo basi huna hataza, una bidhaa, na bidhaa nayo inalisha watu, kauze.

Picha uliyonitumia nimeikuza. Ile nyaya nyekundu ya tatu, risasi yake imekaa kibonge, ina rangi ya majivu, haijayeyuka ikashika. Juu ya tanki kuna jua la mchana na unyevu wa usiku, miezi miwili itaachia, mteja atasema kifaa kibovu. Chomelea upya, paka kitu cha kuzuia maji, ndio urudi tuongee habari za hataza.

Naomba namba ya fundi mzuri wa kuunga faiba. (Wengi mno)

Namba za watu sitoi hapa. Akija yeyote, kabla hajachomeka kitu, muangalie anafutia nini. Akipeleka mkono kwenye suruali mpe maji ya kunywa, mshukuru, aende.