Lamu: acha adhana ikupangie siku

Nimekwenda Lamu mara mbili. Mara ya kwanza tulikuwa watu sita wa ofisi moja, kwa siku tatu, na ratiba tuliyoichapa kabisa tukiwa Nakuru: ngome, makumbusho, Takwa, Shela, Matondoni, Manda Toto. Tuliyaona yote, nami nikarudi kazini nimechoka kuliko nilivyoondoka. Mara ya pili nilikwenda peke yangu, siku nane, miezi miwili baada ya kumzika mama niliyemuuguza kwa karibu miaka miwili. Ratiba sikuwa nayo. Nguvu za kuipanga nilikuwa sina. Safari hiyo ya pili ndiyo nataka kuwasimulia, maana wengi huniuliza waende wapi kupumzika, na jibu langu ni moja: nendeni Lamu, kisha muiache adhana iwapangie siku.

Mimi ni Mkristo, na hakuna aliyenitaka niwe kitu kingine. Lakini Lamu ni mji wa Waislamu, mji wa kale wa Waswahili ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na ukikaa humo utaona watu hawaahidiani kwa saa ya mkononi. Fundi atakwambia uje baada ya Alasiri. Nahodha atakwambia mtaondoka mkishaswali Adhuhuri. Mwenye duka akisikia muadhini huvuta mlango akaenda zake. Safari ya kwanza mambo haya yalitukera, tukayaita ucheleweshaji. Safari ya pili niliyafuata, na ndani ya siku mbili usingizi wangu ukarudi.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza ni huu: tafuta chumba katikati ya mji, Mkomani au Langoni, chenye njia ya kupanda darini, na usizibe masikio alfajiri. Msikiti mmoja huanza, wa pili ukadakia, halafu sauti zinatoka pande zote juu ya mapaa ya makuti, kila muadhini na pumzi yake. Baadaye unasikia ndara zikiburuzwa kichochoroni, mtu anakohoa, punda analia. Nilikuwa nakaa darini na leso mabegani, nikasali sala zangu mwenyewe, sala ambazo tangu hospitalini zilikuwa zimenikauka mdomoni. Sijui niliseme vipi jambo hili lisionekane kubwa kupita kiasi. Kuamka kabla ya jua ukijua mji mzima umeamka kwa ajili ya Mungu kunakuondolea upweke.

Kisha unashuka kula. Langoni kuna mama mmoja anayekaanga mahamri kwenye baraza ya nyumba yake. Ukisimama karibu utaona hamri likitumbukia bapa, likae kimya kidogo, kisha livimbe ghafla na kujigeuza lenyewe mafutani. Harufu ya iliki inakufikia kabla hujaliona karai. Mbaazi zake nzito nilimuuliza siri yake, akanionyesha: tui jepesi ndilo la kuchemshia, tui zito humiminwa mwisho kabisa, moto mdogo, sufuria wazi, na mkono haukomi kukoroga, la sivyo tui hukatika. Siku ya kwanza nilisimama nikisitasita.

"Ndoo, mwanangu, keti," akaniambia. Ndoo ndiyo "njoo" ya Kiamu, lahaja ya Lamu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja na nani?"

Nikamwambia niko peke yangu, na kwa nini. Hakuuliza zaidi. Alinimiminia chai, akasukuma sahani mbele yangu, akasema, "Takuombea subira." Kila asubuhi baada ya hapo nilikula kwake, na sitawashauri mle asubuhi hotelini hata kama imelipiwa.

Baada ya hapo, baharini, kabla jua halijawa kali. Kutoka mjini hadi Shela ni mwendo wa dakika 40 au 50 kwa miguu kufuata ufuo, lakini uliza kwanza habari ya maji. Bamvua likijaa, sehemu ya njia humezwa na bahari, na hapo heri upande mashua. Shela ina msikiti wa Ijumaa wenye mnara mrefu mweupe unaoonekana toka mbali, uliojengwa mwaka 1829, na ukishaupita mji ndipo unapoanza ufuo wenyewe: kilomita kama 12 za mchanga, upande mmoja bahari na upande wa pili vilima vya mchanga. Tembea dakika 20 tu na utakuwa na bahari peke yako. Kuogelea, ogelea karibu na mji ambako maji ni matulivu. Mbele zaidi ni bahari kuu, mawimbi yana nguvu na hakuna wa kukuokoa.

Nawasihi vilima vile msivichezee. Vijana hupenda kuvikimbilia na kuteleza. Mzee mmoja wa Shela ndiye aliyenifafanulia kwamba mchanga ule ndio tangi la mji. Mvua ikinyesha huzama humo, ikahifadhika juu ya maji ya chumvi, na visima vinavyonywesha Lamu vimechimbwa pale. Kila ninapofungua bomba chumbani sasa nakumbuka ule mchanga.

Adhuhuri rudi ndani. Kula wali wa nazi na samaki wa kupaka, aliyechomwa kwenye makaa kisha akapakwa tui zito lenye ukwaju na ndimu hadi likashika ngozi. Ikiwa ni Ijumaa ulizia biriani. Kisha lala. Kuta za mawe ya matumbawe ni nene na chumba hubaki na ubaridi. Mji wote umelala, nawe lala.

Saa za Alasiri ni za mashua, na hapa nina kosa la kuwaambia ili msilirudie. Ile safari ya kwanza tuling'ang'ania kwenda Takwa, magofu yaliyo kisiwani Manda, kwa saa iliyotufaa sisi. Nahodha alituambia maji yameanza kupwa. Tukamhimiza, tukamwongezea pesa. Takwa hufikiwa kwa mkono wa bahari unaopenya kwenye mikoko, na mkono huo hupitika maji yakijaa tu. Tulifika, tukazunguka mbio mbio, na tulipogeuka mashua ilikuwa imelala ubavu kwenye tope. Tulikaa humo na mbu mpaka usiku maji yaliporudi. Nahodha hakutulaumu hata kwa neno moja, na nilimwonea haya. Mtu aliyekulia majini alituambia ukweli nasi tukamlipa ili aukane.

Mara ya pili nilikwenda na maji. Takwa ulikuwa mji wenye watu karne ya 16 na 17, kisha wakauhama. Watu wa Shela huhesabu asili yao ni pale, na bado huvuka kwenda kuomba dua ya mvua penye kaburi lenye nguzo ndefu. Mtu akishajua hivyo hapandi juu ya kuta kupiga picha. Mwongozaji wangu alivua viatu kwenye gofu la msikiti ambao haujaswaliwa kwa miaka zaidi ya 300, nami nikavua vyangu.

Tukirudi alinionyesha ufuo wa Shela ambako, yapata mwaka 1812, jeshi la Mombasa na Pate lilishuka kuja kuipiga Lamu. Walishindwa, wakakimbilia vyombo vyao, wakavikuta vimekaa mchangani kwa sababu maji yamekupwa. Wengi walifia hapo hapo. Ile ngome ya mjini, iliyokuja kuwa gereza hadi mwaka 1984, ilikamilishwa baada ya vita hivyo Lamu ilipojiegemeza kwa Oman. Nikayakumbuka yale matope yetu. Lamu, maji ndiyo yanayoamua.

Magharibi ndiyo saa niipendayo kuliko zote. Kaa Mkunguni, uwanja ulio mbele ya ngome, dakika chache kabla ya adhana. Wazee wanafunga bao, wauza matunda wanafunika, watoto wanaitwa nyumbani, na kwa nusu saa hivi uwanja unakuwa mtupu. Usitumie nusu saa hiyo kuangalia simu. Wakitoka msikitini mji unaanza upya: kahawa tungu kutoka kwenye dele, kikombe kidogo kisicho na mkono, halwa kidogo pembeni, kisha, baada ya Isha, moshi wa mishikaki. Itafute ile inayouzwa na mkate wa mofa. Mofa ni tanuri la udongo, mkate unabandikwa ukutani ndani yake, ukitoka una ukoko wa nje na ulaini wa kati. Mfungie mshikaki ndani, uvute kijiti, na uombe ukwaju juu yake. Viazi karai ni vizuri pia, lakini tumbo lina mipaka, na mimi nikipewa kuchagua nachagua mofa.

Usiku wa kuamkia Ijumaa nilisikia matari yakitoka upande wa Riyadha, nikafuata sauti. Msikiti na chuo hicho vilianzishwa na Habib Swaleh, sharifu aliyezaliwa Ngazija kwa watu wenye asili ya Hadhramaut, na habari zake zilizobaki midomoni mwa watu ni za mtu aliyewafungulia elimu wale ambao mji ulikuwa umewafungia, watumwa na watoto wa watumwa. Sikuingia. Nilimuuliza mama mmoja kama naweza kukaa nje na wanawake, akanisogezea mkeka. Sikuelewa Kiarabu cha nyimbo zile. Nilielewa matari yakianza polepole, sauti zikipanda pamoja, wanawake wakiitikia kwa chini kabisa karibu na bega langu. Nililia pale, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na yule mama akanishika mkono bila kugeuka kunitazama.

Ukitaka kuliona hilo kwa ukubwa wake, nenda wakati wa Maulidi, Mfungo Sita, wageni wanapojaa kutoka pwani nzima na nje. Kuna zefe, yaani maandamano ya nyimbo, kuna kirumbizi, mchezo wa fimbo, kuna mashindano ya punda na ya mashua. Ila weka chumba mapema sana, na usiende Maulidi ukitafuta utulivu. Ramadhani nayo ina utamu wake wa usiku, lakini mchana usitarajie kula hadharani. Kuhusu hewa: kuanzia Aprili hadi Juni mvua ni nyingi na baadhi ya nyumba za wageni hufunga, Julai na Agosti upepo wa kusi huvuma kwa nguvu, na wakati wa upepo wa kaskazi, Desemba hadi Machi, bahari ni safi japo joto ni kali.

Mavazi, jamani. Nguo ya kuogelea ni ya ufuoni. Mjini jifunge leso, funika mabega na magoti, wanaume pia. Watu wa Lamu hawatakukemea, na kwa sababu hiyo hiyo inafaa ujikemee mwenyewe. Usimpige mtu picha hujamwomba. Ukisikia "simile" nyuma yako, jibandike ukutani: punda mwenye mizigo hana breki.

Wanaokuja kwa ndege hushuka Manda na kuvushwa kwa boti. Kwa basi utapita Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha boti. Ulizia hali ya barabara kabla, beba kitambulisho, na uwe na subira kwenye vizuizi vya polisi. Kurudi ni mapema mno, boti za Mokowe huondoka kungali giza ili kuwahi basi, na karai la Langoni huwa halijatiwa moto.

Nilimwambia mama yule siku moja kabla. Usiku nikakuta bahasha ya gazeti mlangoni kwangu, mahamri manane, moja kwa kila siku niliyokaa. La mwisho nilikula basi likivuka Mto Tana pale Garsen, na iliki ilikuwa bado haijapotea.