Orodhesheni kaya upya kwanza

Dada, umeuliza kama kwenye utafiti wenu wa kaya nchi nzima kuhusu hali ya wanawake na watoto mnaweza kutumia orodha ya kaya ya sensa iliyopita ili kubana bajeti. Hapana, msifanye hivyo. Sensa iwape maeneo ya kuhesabia tu, yaani vile vipande vidogo ambavyo nchi iligawanywa wakati wa kuhesabu watu, mkishachagua ya sampuli tumeni watu wakaorodheshe upya nyumba kwa nyumba, maana watu wanahama, nyumba zinabomolewa, na wanaokosekana kwenye orodha ya zamani mara nyingi ni wapangaji na wamama wenye hali ngumu, yaani haohao mnaowatafuta.

Dodoso chukueni za MICS, yaani utafiti wa kaya wa UNICEF kuhusu watoto na wanawake, mzirekebishe, zipo za kaya, wanawake wa miaka 15 hadi 49, watoto chini ya 5 na wa 5 hadi 17. Wanawake wahojiwe na wanawake, tena faragha, mume akikaa pembeni majibu yanabadilika.

Alafu mafunzo msiyakate jamani, hasa ya kupima watoto. Wa chini ya miaka 2 analazwa kwenye ubao wa kupimia urefu, mmoja anashika kichwa mwingine anabana magoti, akijikunja tu kidogo anaonekana mfupi na mnamhesabu amedumaa wakati yuko sawa.