Bei ya RAM ikishuka, usikimbilie dukani

Kila bei ya RAM, ile memori ya kompyuta, ikishuka, wateja wangu hapa Mwanjelwa, Mbeya, huja na swali moja: "Fundi, niongeze ngapi?" Kabla ya ngapi, mimi huuliza ya aina gani.

Vizazi vya RAM, yaani DDR3, DDR4 na DDR5, haviingiliani. Pengo la kwenye meno limekaa sehemu tofauti, na ukilazimisha unavunja sloti, pale inapochomekwa. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba laptopu nyingi za mtumba zinazotufikia zinataka DDR3L, ya volti 1.35, siyo DDR3 ya volti 1.5. Kwa macho ni pacha. Tofauti iko kwenye lebo: PC3L badala ya PC3. Dada mmoja mwenye steshenari jirani aliagiza ya 1.5 kutoka Kariakoo kwa kuwa ilikuwa bei rahisi. Taa iliwaka, kioo kikabaki cheusi. Nauli ya kifurushi, kuja na kurudi, ikala nafuu yote.

Halafu bei haishuki Mbeya siku ileile inayoshuka duniani. Soko limeshikwa na kampuni tatu kubwa: Samsung na SK Hynix za Korea Kusini, na Micron ya Marekani. Zikizalisha kupita mahitaji, kama ilivyotokea 2022 na 2023, bei inaporomoka, zikipunguza, inapaa. Mwenye duka wetu anauza mzigo alioununua kwa bei ya juu, kwa dola ya wakati ule. Ulizia Kariakoo, jumlisha nauli ya basi, kisha rudi kwake mpatane. Akishuka hata nusu ya tofauti, nunua kwake. Ikigoma, unajua pa kuirudisha.

Kwa kuchapa barua na kurasa chache za intaneti, GB 8 zinatosha. Kutoka 4 kwenda 8 utaiona tofauti. Kwenda 16 kwa kazi hizo ni kumlisha ng'ombe asiyekamuliwa. Fungua Task Manager, programu ya Windows inayoonyesha kompyuta inavyotumika, ukiwa katikati ya kazi zako. Memori ikiwa haijafika nusu na mashine bado inajikokota, mara nyingi mchawi ni diski ya kuzunguka, hela ipeleke kwenye SSD, diski ya kasi isiyozunguka. Hapohapo utaona sloti ngapi zimetumika. Laptopu nyingi nyembamba RAM yake imechomelewa kwenye ubao, kwa hiyo huna pa kuongeza.

Na ile RAM ya zamani fundi akiitoa, idai. Ni mali yako, na ina mnunuzi.